Familia Namba Saba

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Faksi ya majibu kutoka Ulaya imefika. Miaka miwili ya kusubiri, zimekuja karatasi tatu, wino umefifia. Profesa Leodegar alikuwa ameshazisoma kabla hajaniita. Akanisukumia mezani, akaendelea na simu yake.

Familia namba saba: watu kumi na wanne, watano wana kasoro kwenye jeni, ile inayoleta kansa.

Namba saba ni nyumba ya mzee Champaklal, muuza vitambaa wa Mtaa wa Uhuru. Mdogo wake alikufa 1988, dada yake 1993. Wote kwa melanoma — kansa ya ngozi inayoanza na doa dogo ambalo mtu analiona kila siku akioga na halimsumbui. Kwa watu wa huku ni nadra, tena ndani ya nyumba moja! Ndiyo maana Ulaya waliitaka sana damu hii.

Niliitoa mwenyewe, sebuleni kwao, mkewe Jasvanti akitumiminia chai. Watoto wao wawili ndio walikuwa wa kwanza kukunja mikono. Paras hana kasoro. Rinkal anayo. Ana miaka ishirini na miwili.

Chini ya karatasi ya tatu kuna mstari mmoja: majibu ni kwa ajili ya utafiti tu, wahusika wasielezwe.

Jumatano, 6 Agosti 1997

Nimemfuata Profesa ofisini. Nikamwambia watu hawa tuliwaahidi majibu. Akauliza, nani alikuagiza uahidi?

Akatoa mkataba kabatini. Friza ni yao, mashine ni yao, mishahara ya watu sita inatoka kwao. Ukifungua mdomo, akasema, mradi unafungwa na hao sita wanaenda kukaa barazani na wenzao waliopunguzwa kazini. Hakunifokea. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nimerudi kwenye faili, nimesoma fomu ya ridhaa. Ya Kiingereza inasema majibu huenda yakatolewa. Ya Kiswahili inasema, "Majibu yakipatikana tutakuletea nyumbani."

Aliyetafsiri ni mimi.

Nilijua ninachofanya. Nani Kariakoo atakupa mkono umchome sindano kwa "huenda"? Nikaandika kama ninavyoongea na watu, wakasaini, nikashukuriwa kwa kukusanya damu haraka kuliko nchi nyingine zote za mradi. Leo nalaumu Wazungu. Uongo ule una mwandiko wangu.

Ijumaa, 8 Agosti 1997

Nane Nane, ofisi imefungwa. Nimejidanganya kwamba naenda kumnunulia mama kitambaa.

Duka limejaa mpaka dari. Zamani mzee Champaklal alikuwa na majora matatu ya kitambaa cha mgawo na foleni mpaka nje. Sasa ana vitu vya Dubai, vya Indonesia, vya kila mahali. Kila kitu siku hizi kinavuka mpaka. Hata damu yao ilipanda ndege.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari. Majibu yetu bado?"

Nikasema bado. Limenitoka jepesi, kama mtu aliyezoea.

Jasvanti alikuwa kaunta na sahani ya ladu. Rinkal amechumbiwa, akaniambia, kijana wa Nairobi, familia nzuri, harusi Desemba. Nikala. Tamu mno.

Rinkal alikuwa anapima kitambaa kwa mita. Joto kali, akazikusanya nywele zake akazifunga juu. Nyuma ya shingo, chini kidogo ya nywele, pana doa. Nalijua doa lile, nililiandika mwenyewe mwaka 1995. Leo nimeliona toka mbali. Lina rangi mbili, na ukingo umemeguka kama ramani.

Nimeondoka bila kitambaa.

Jumapili, 10 Agosti 1997

Sina la kuandika.

Jumatatu, 11 Agosti 1997

Nimetafuta kwenye faili. Doa la shingoni: milimita nne, kahawia, duara. Nililoliona Ijumaa halipungui milimita nane, na si duara.

Nimemrudia Profesa. Nikamwambia hili si suala la jeni tena, ni doa, nimeliona kwa macho yangu dukani, na mimi ni daktari kabla ya kuwa mtafiti. Akazungusha kalamu. Mwisho akasema: "Sema doa. Usiseme jeni. Mwandikie barua aende hospitali kama mgonjwa yeyote."

Nimeshukuru. Baadaye kwenye ngazi nikajiuliza nashukuru nini.

Jumanne, 12 Agosti 1997

Mzee Champaklal aliponiona na bahasha aliwatoa watu wote dukani, hata mteja. Jasvanti akaenda nyuma, lakini pazia halikutulia.

Nikasema Rinkal ana doa shingoni, limebadilika, likatwe mapema lichunguzwe. Nikamwekea barua mezani. Hakuigusa.

"Umekuja na majibu," akasema. "Sema."

"Nimekuja kwa ajili ya doa, mzee."

"Hata mdogo wangu walimwambia doa tu."

Nikaisogeza barua karibu yake. Naye akanisoma. Mtu aliyeuza vitambaa miaka arobaini anajua anayemdanganya bei.

Kisha akaongea taratibu, kama anamweleza mtoto. Jamii yao ni ndogo. Mtu akikatwa doa Dar, kesho wanajua Mombasa, keshokutwa Nairobi, na kila mmoja anakumbuka mdogo wa mzee alivyokufa. Wakwe watauliza. Wakiuliza, harusi hakuna, na nyingine haitakuja. "Desemba siyo mbali, daktari. Baada ya harusi nitampeleka mwenyewe, hata India."

Nikamwambia miezi minne kwa doa kama lile ni mingi mno. Dada yake alichelewa mitatu.

Uso ukambadilika. Nadhani sikupaswa kumtaja dada yake.

Akachukua karatasi ya risiti, akaandika kwa Kiswahili safi kwamba yeye na familia yake wanajitoa kwenye utafiti, majina yao yafutwe. Akasaini. "Sasa hatuko kwenye kazi yako. Huna cha kuja kufanya hapa." Halafu akaniuliza kama nitakunywa soda, kwa sababu nilikuwa bado mgeni.

Jumatano, 20 Agosti 1997

Profesa alituma Ulaya habari za kujitoa kwao. Leo wamejibu. Damu iliyokwisha kupimwa haiwezi kuondolewa kwenye hesabu.

Pamoja na jibu wametuma rasimu ya makala. Familia namba saba wana ukurasa mzima: ukoo umechorwa, wanaume miraba, wanawake viduara, wenye kasoro wamejazwa wino. Namtambua kila mmoja. Rinkal ni kiduara cheusi kulia, chini ya baba yake — naye mraba wake ni mweusi. Nimeutazama mraba ule muda mrefu.

Kwa hiyo wamo wanapotakiwa kuchorwa. Hawamo wanapotakiwa kusaidiwa.

Jina la Profesa ni la sita. Langu liko kwenye shukrani, pamoja na dereva, na wamelikosea: Mwanamku. Hata u ya mwisho wamenipunguza.

Ijumaa, 22 Agosti 1997

Nimemweleza mama, bila majina. Alikuwa anachambua mchele barazani, hapa Mtaa wa Swahili tunapokaa. Nilitaka aniambie nimefanya nilichoweza. Mama zetu wa pwani hawajui kumpa mtu anachokitaka.

"Huyo binti, kichwa chake kizima?"

"Kizima, mama. Mtu mzima kabisa."

"Sasa wewe unazungumza na baba yake kwa nini? Shingo ya nani, ya baba?"

Nikamwambia kuna mkataba, kuna kazi za watu, kuna heshima ya mzee wa watu ndani ya nyumba yake. Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Mwanangu, wewe unaogopa. Basi sema unaogopa. Usinipe sababu tatu."

Nimekasirika mpaka sasa. Kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 25 Agosti 1997

Saa nne asubuhi. Rinkal amekuja.

Sikumwita. Nilikuwa nimeamua kumwita, tangu jana nilikuwa nimeamua, lakini sikumwita, na sitaandika hapa kwamba nilimwita.

"Shikamoo dokta." Akakaa mkoba ukiwa mapajani. Mama yake amemwambia kuna barua, imefungiwa kwenye droo ya duka. Tangu siku ile baba hamtazami usoni. Halafu juzi kwa fundi, anapimwa blauzi ya harusi, fundi akamwuliza, dada, hapa nyuma umeungua? Akashikiwa vioo viwili, akaliona.

Akafungua nywele akanigeuzia shingo. Nimepima. Milimita tisa.

Nikamwambia: hili likatwe wiki hii. Nikamweleza nani atakata na wapi, na kwamba nitakwenda naye. Hakulia. Akauliza kovu litakuwa na urefu gani. Nikamwonyesha kwenye kidole. Akasema blauzi inaweza kupandishwa.

"Na ile damu?" akauliza. "Fomu nilisaini mimi. Baba hakunisainia."

Nikasema kuna karatasi baba yake aliandika.

"Nina saini yangu huko? Kwenye hiyo ya baba?"

Nikasema haimo. Nilijua haimo tangu siku ile dukani. Nimekaa na jambo hilo karibu wiki mbili kama vile sikuliona.

Kisha akauliza kitu nisichokitegemea: "Paras anayo?"

Nikamwambia la Paras namwambia Paras. Akainuka. Paras ndiye amemleta, yuko chini kwenye vespa, baba anadhani wamekwenda Kisutu kuchukua kadi za mwaliko. Ameshuka kumwita.

Nimetoa faili namba saba na faksi. Nimevuta viti viwili.

Profesa Leodegar ameingia kutafuta stepla. Ameliona faili, ameviona viti.

"Unangoja nani?"

"Wagonjwa," nimesema.

Hajatoka. Amesimama mlangoni, nami nimeinamisha kichwa naandika ili nisimtazame. Mwandiko huu haufai. Wanapanda ngazi. Rinkal mbele, Paras nyuma. Faksi iko wazi mezani.