Chungu cha Chini ya Kizingiti

Kaka Idi,

Naomba haya maandishi yakukute mzima, wewe na wifi na watoto. Goti la Mama vipi, bado linamsumbua? Sisi tunapumua, ila baridi ya Toronto haina adabu, inaingia mpaka kwenye meno.

Kaka, kwenye simu ulinivunja mbavu. Eti mafundi wamebomoa nyumba ya marehemu Baba, wamekuta chini ya kizingiti chungu kilichoandikwa jina lake, na kwa kuwa mimi nasafisha makumbusho, nikutafutie mzungu wa kukinunua! Nilicheka. Sasa sicheki tena.

Kule kazini kuna chombo cha jiwe kutoka Misri ya kale, kidogo tu kama bakuli la sukari, kimechongwa jina la mfalme. Mwanamke anayetunza vitu vile aliniambia kilifukiwa chini ya hekalu siku ya kuweka msingi, ili jina la mfalme likae pale milele. Hakikuwekwa kionekane na mtu. Nikamuuliza, "Na mlipokitoa, mwenye jina alikwenda wapi?" Akacheka, akaenda zake kunywa kahawa. Lakini anayefuta kioo cha kabati lake ni mimi. Kila asubuhi kina ukungu, kama mtu amekipumulia. Nafuta, hautoki. Uko upande wa ndani.

Hilo ningeliacha huko huko kazini. Lakini tangu siku uliyonipigia, Rehema wangu anasema kuna mtu anagonga chini ya sakafu. Sisi tunakaa chini kabisa, chini yetu ni udongo. Na unamjua mwanangu, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Jana tunakula, akaweka kijiko, akasema kwa Kiswahili kile kile cha kwetu Kondoa: "Mama, babu anauliza mlango wake uko wapi."

Hajawahi kumwona Baba, kaka. Wala habari za chungu sikumwambia. Naogopa, sikufichi.

Usikiuze. Kirudishe pale pale kilipokuwa, hata kama nyumba mpya itabidi ijengwe upande. Fundi akikubishia, muite Shangazi Mwanaidi, dada yake Baba. Mdomo wake unatosha. Simu yako haipatikani tangu juzi, ndiyo maana nampa jirani anayesafiri kesho akuletee hii mkononi. Msalimie Mama, ila haya usimwambie. Wifi mwambie pilau lake naliota.

Fanya haraka, nakuomba. Nilimuuliza Rehema alimjibu nini babu yake. Akasema, "Nimemwambia asubiri, nitamfungulia mlango wa kwetu."

Mdogo wako,
Asha