Vyuma Karibu na Kisima cha Kukhu

Kukhu, nyanya yangu mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu: nataka kusomea kazi ya kupima ardhi kwa umeme. Huku Kitale tu wazima, na Baba anapalilia mahindi.

Uliuliza kama kisima ulichotuachia bado ni salama, kwa vile jalala la mji liko kwenye mteremko juu yake. Wataalamu walikuja, wakapigilia vyuma kwa mstari na kupitisha umeme kidogo ardhini. Maji machafu hupitisha umeme kwa urahisi, hivyo mashine huchora picha ya mahali yalipofika. Picha ya kwanza ilionyesha yanatukaribia. Waliporudi kuona kama yamesogea, jirani yetu mzee, babu Kuka Wafula, alianza kung'oa vyuma.

"Nani amewatuma kupanda bikoni za mpaka kwa shamba langu?"

Unajua mimi siongei mbele ya watu. Lakini nilikumbuka ulivyonishika mkono kanisani nilipokwama nikisoma, nikasema, "Kuka, si bikoni. Wanafuatilia kama uchafu unaingia kisimani. Si hata wewe unakunywa hapo?"

Akanitazama. "Ati huyu naye huongea! Haya, leteni nyundo."

Akavirudisha mwenyewe.

Picha mpya ilionyesha uchafu umegeukia bondeni, mbali na kisima. Chai ya leo nimeipika kwa maji yako. Asante, Kukhu, kwa maji na kwa ule mkono.

Ile habari ya masomo usimwambie mtu. Baba bado anajua nitakuwa mwalimu.

Mjukuu wako,
Nekesa