Ufahamu, Mara ya Tatu

Jumapili, 6 Julai 2025 – Carrollton

Matokeo ya mara ya pili ya MCAT, mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, nimeyabandika ukutani, juu ya meza, nisije nikajidanganya. Kemia na fizikia 128. Biolojia 129. Saikolojia 127. Ufahamu 121. Mara ya kwanza ufahamu ulikuwa 121 vilevile. Mwaka mzima wa kusoma, na sehemu hiyo haikusogea hata kwa alama moja.

Chuo ninachokitaka, huko Houston, kiliandika wazi: hakimwiti kwenye mahojiano mtu aliye chini ya 124 katika sehemu yoyote. Nimekubaliana na mke wangu, Kathure, kwamba jaribio hili ni la mwisho. Nikishindwa, Januari naingia nursing, niwe nesi kama yeye, kama nusu ya kanisa letu. Vituo vya mtihani vya Dallas vimejaa. Nimepata nafasi Houston, tarehe 23 Agosti.

Nimechoka kabla ya kuanza.

Jumatano, 9 Julai

Nimepitia makosa yangu sitini ya ufahamu, moja baada ya jingine. Si Kiingereza. Si muda. Katika makosa arobaini na moja nilichagua jibu lililo kweli badala ya jibu la mwandishi. Mwandishi wa kifungu kimoja anadai majengo ya kale yaachwe yabomoke yenyewe. Mimi naona amekosea, basi nachagua jibu linalomrekebisha. Miaka tisa ya kufundisha biolojia Kakamega, kalamu nyekundu mkononi. Namsahihishia mtu ambaye hakuniletea daftari.

Nilimweleza Kathure alipokuwa akila, ametoka kazini asubuhi, kabla hajalala. Alicheka. Alisema hilo angeniambia bure tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Jumamosi, 19 Julai

Kathure amebuni njia. Jioni, kabla ya zamu yake ya usiku, huchambua maharagwe ya githeri. Mimi namsomea kifungu kwa sauti, nafunga kitabu, namweleza mwandishi amesema nini. Hicho tu. Kila ninapotia neno langu, anadondosha punje moja kwenye kikombe cha bati.

"Anasema ramani za zamani zilichorwa kwa ajili ya watoza ushuru, jambo ambalo kwa kweli –"

Punje ikalia kwenye bati.

"Sijamaliza."

"Umemaliza, Mwalimu. Hiyo 'kwa kweli' ni yako, si yake."

Punje kumi na saba kwa kifungu kimoja. Anasema zikifika kilo atazipika na nitakula peke yangu.

Alhamisi, 31 Julai

Punje sita. Jaribio la nyumbani: 123.

Utaratibu sasa ni huu. Kabla ya kutazama majibu, naandika mstari mmoja: nani anamwambia nani nini. Kisha nalisoma swali mara mbili, kuhakikisha ndilo ninalojibu. Mara nyingi nilikuwa nikijibu lingine, langu.

Kathure alisinzia mezani, mkono juu ya sinia. Kifungu cha mwisho nilikifanya peke yangu, nikajihesabia punje mwenyewe. Sifuri. Sidhani hesabu hiyo ni halali.

Jumanne, 12 Agosti

Jaribio la nyumbani: 125. Punje moja tu leo, nayo haikutoka kwenye kifungu.

Nilimwambia alama hiyo. Alisema vizuri, akaendelea kuchambua. Kisha, bila kuinua macho, alisema kuna kliniki hapa Carrollton imempa kazi ya mchana. Mshahara ni mdogo kuliko wa sasa. Miaka minne ya night shift imetosha, mwili umekataa. Wanataka jibu Jumatatu ya tarehe 25.

Nikasema, "Lakini chuo kikiniita, ni usiku wako ndio utakaotubeba. Afadhali tungoje matokeo ya Septemba –"

Alichukua punje moja, akaidondosha kikombeni. Akaenda kuvaa sare.

Ijumaa, 22 Agosti – Houston

Safari ya saa nne na nusu. Tumefikia kwa Kigen, tuliyesoma naye sekondari. Ni nesi hapa.

"Karibu, daktari wa awamu ya tatu," alinipokea. Akasema nursing ni miaka miwili tu, saa hii ningekuwa na gari la pili. Akamgeukia Kathure. "Na wewe, shemeji, huyu mwanafunzi utamsomesha hadi lini?"

"Mwache," Kathure akasema. "Siku moja atajua kusoma."

Wakacheka. Mimi pia, baada yao.

Jumamosi, 23 Agosti – kituo cha mafuta, kaskazini mwa Huntsville

Saa kumi na moja jioni. Mtihani umekwisha. Maswali yenyewe siruhusiwi kuyaandika. Naandika tu kwamba katika ufahamu sikubishana na mtu, na dakika nne zilibaki. Mwishoni kompyuta huuliza: mtihani usahihishwe au ufutwe? Mara zote mbili za nyuma nilisita. Leo sikusita. Nadhani nimefika 124.

Kathure anaendesha. Tulifika Conroe. Akauliza: "Umeweza?" Nikasema nadhani. Akaitikia kwa kichwa polepole. Baadaye akasema:

"Mwalimu, kuna kifungu kimoja bado. Ile Jumanne, nilisema nini?"

Kikombe cha bati kilikuwa kwenye kishikio cha vikombe kati yetu. Amekibeba tangu nyumbani, mtupu.

"Ulisema umechoka, nami naelewa kabisa kwamba –"

Alikigonga kwa ukucha. Nikaanza upya. Akagonga tena. Mara ya tatu akakata kona, akaingia hapa, akazima gari. Ameenda kutafuta chai. Akirudi anataka jibu.

Basi, kama kwenye mtihani. Nani anamwambia nani nini. Amepata kazi ya mchana. Mshahara ni mdogo. Miaka minne imetosha. Mwili umekataa. Kliniki inataka jibu keshokutwa.

Nimeyasoma mara mbili, nikitafuta swali alilonielekezea mimi. Halimo. Siku kumi na moja nimekuwa nikitunga jibu la swali ambalo hakuuliza.

Anatoka dukani, kikombe cha chai kila mkono, anasukuma mlango kwa kiwiko. Nimeondoa cha bati kwenye kishikio, apate pa kuweka chake.