Mashine Imemlilia Baba Mkwe Gulioni

Mpendwa Mama Eufrasia, mwangaluka, naomba msaada wako upesi maana mke wangu Evalina amerudi kwao Kiloleli na kosa ni la mashine. Mimi na rafiki yangu Joakim tulifungua kampuni ndogo hapa Bariadi tangu watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, na msimu huu tukasema tuingie vijijini na utaalamu wa kisasa, tukaagiza kipima unyevu cha betri, unakichomeka kwenye mzigo wa pamba, na kama umemwagiwa maji ili uwe mzito kinapiga kelele. Basi gulioni Kiloleli watu wakakigomea, wakasema ni uchawi wa matajiri, nikaona nimwombe baba mkwe, mzee Ngeleja, ambaye ni mzee wa kanisa, atangulie yeye ili wengine wapate imani, nikachomeka kwenye mzigo wake, Mama weee, kile kitu kikalia mpaka ng'ombe wakakimbia na mkokoteni, watu wakaanguka kwa kicheko, na sasa watoto wanamwita Mzee Lambo, kama bwawa la maji, naye amekasirika hataki hata kuniona. Evalina anasema harudi mpaka nitangaze palepale gulioni kwamba mashine ni mbovu, Joakim naye anasema nikitangaza hivyo kampuni imekufa, kesho tutaletewa pamba inayochuruzika. Nampenda mke wangu, Mama, na mashine bado mpya. Nifanyeje?

Zengo, Bariadi

Zengo mwanangu, pole, lakini akili zako ziko wapi? Mkwe ambaye ukikutana naye njiani unampisha, wewe unamchomekea vyuma mbele ya kijiji kizima! Ulishindwa kumpimia kwanza pembeni, nyuma ya ghala? Haya.

Mashine usiisingizie, maana ukiwadanganya watu leo hawatakuamini msimu ujao. Kosa lako ni kumwaibisha mzee, na hilo ndilo la kuombea radhi. Mtafute mshenga aliyekuposea, mwende Kiloleli na mbuzi, Joakim abaki na mashine Bariadi. Piga magoti, hata suruali ikichafuka. Kisha siku ya gulio Joakim akuletee mashine, mwagia maji mzigo wako mwenyewe, simama mbele ya watu, uchomeke, ikulilie wewe. Wakikucheka wewe watamwacha yeye.

Na ukiwa kwa mzee, neno mashine lisikutoke mdomoni. Anajua fika kwamba ilisema kweli. Ndiyo maana amekasirika kiasi hicho. Ongelea ng'ombe, kula ulichopewa, umchukue mkeo mwende nyumbani.