Jumapili Jioni Huku Basotu

Dada Fransiska, shikamoo.

Mimi mzima wa mwili. Leo baada ya ibada niliosha nywele, kisha nikakaa nje na jirani yangu Lucia, tukila mahindi ya kuchoma na kuwatazama ng'ombe wakitoka kunywa maji ziwani. Nilicheka mpaka nikasahau kwamba kesho ni Jumatatu.

Jua lilipozama, nikaliweka hindi chini bila kulimaliza, kama kila Jumapili chakula kinaponishinda. Lucia akaniuliza, "Mwalimu, huko shuleni kuna nini?"

Nikamwambia, na wewe nakuambia: kila Jumatatu mwalimu mkuu huniita ofisini, halafu anafunga mlango kwa ufunguo. Nimeomba uhamisho, lakini lazima yeye aupitishe, na amekataa.

Lucia akasema, "Kesho tutaingia wote ofisini. Akitaka nitoke, atanieleza kwa nini."

Bado naogopa, dada. Tafadhali usimwambie mama. Ila sasa hivi nakunywa chai ya maziwa, na nimeusikia utamu wake. Tangu nihamie huku, Jumapili jioni chai ilikuwa hainipiti kooni.

Wasalimie wote Dongobesh.

Mdogo wako,
Benedikta