Fahali Wangu Jukwaani

Jumatatu, 3 Machi
Nimeitwa ukumbini. Wanataka kitabu changu kiwe mchezo wa jukwaani — nilijua, kitabu kama kile hakikai kabatini. Mwongozaji ni kijana mwenye miwani mikubwa kama vioo vya lori. Kaniita mzee. Mzee ni babu yake. Anataka kisa kimoja: nilivyomzuia kwa mwavuli fahali aliyetoroka machinjioni, huku shemeji yangu mwenye bucha kajificha ndani ya pipa. Akacheka. Sikupenda alivyocheka.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi. Anayeniigiza ana kitambi na anatetemeka. Mimi na kutetemeka wapi na wapi! Miwani anasema watu wanampenda mwongo anayechekesha. Mwongo — mbele ya mafundi wa taa. Nikamwambia kisa ni kweli tupu, shemeji yu hai, kamuulize. Nimemkomesha.

Alhamisi, 6 Machi
Kamuuliza.
Shemeji kaja na aproni yake ya damu. Eti kama ni kweli, basi yeye ni mtu hai na hawamwigizi bila ruhusa yake. Na ruhusa atatoa iwapo mchezoni nitaingia pipani mimi, mwavuli ashike yeye. "Shemeji, si unapenda ukweli?" Nyoka yule. Dada yangu alikosa wanaume?
Miwani ana dawa yake: nitie sahihi kwamba kisa chote nimekitunga, shemeji hatakuwa na la kudai. Nisipotia, hakuna mchezo.

Ijumaa, 7 Machi
Mpwa wangu, aliyenipigia chapa kitabu, kaja kunibembeleza. "Mjomba, ni karatasi tu. Waandishi wote hutunga." Mimi situngi, mimi nakumbuka. Miaka ishirini mtaa mzima unanisikiliza, leo nijiandikie mwenyewe kwamba ni porojo? Akanijibu: "Mjomba, kwani nani hajui?"
Nimemwambia akamsaidie mama yake kuosha vyombo.

Jumamosi, 8 Machi
Msalani, ukumbini. Nimefunga komeo. Karatasi iko mezani, walikuwa wamenizunguka wote — Miwani, dada, mpwa, na yule mwuza mifupa akitabasamu. Nimewaambia tumbo. Kalamu ya kutilia sahihi nimeondoka nayo, ndiyo hii. Nzuri, inateleza.
Shemeji anagonga. "Shemeji, toka humo pipani. Sema moja tu, ilikuwa kweli au haikuwa?"
Nimemjibu nafikiri.
Dada naye kafika mlangoni. Viatu vyake naviona hapa chini.