Kabla Hajapiga Mbizi

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, umgawie na shemeji kabla hajalalamika kwamba namsahau. Watoto hawajambo? Mimi ni mzima, isipokuwa hili goti ambalo siku hizi linalia kuliko mlango wa chumba nilichopanga. Habari za Mama nitazifikia mbele kidogo, nikishapata nguvu.

Umeniuliza ninafanya nini huku muda wote huu na kamera yangu. Shemeji, umesema, anadai nimepata kazi ya kulipwa kwa kukaa. Mwambie hajakosea sana. Alfajiri nashuka mtoni, naingia kwenye kibanda cha turubai kisichoniruhusu hata kunyoosha mguu, naelekeza lenzi kwenye kijiti kilichoinama juu ya maji, kisha nanyamaza. Mimi, ambaye Mama aliniita Kiherehere tangu sijaota meno! Ungeniona ungecheka mpaka ukae chini.

Ninayemngoja ni mdiria, yule ndege mdogo wa buluu mwenye mdomo mrefu kupita haja. Wengi hudhani kumpiga picha ni bahati. Si bahati, ni kumzoea. Ana kijiti chake, na akiondoka atarudi hapo hapo. Akikaa amejikunyata, wewe kunywa chai yako. Akijinyoosha na kuanza kutikisa kichwa juu na chini, anapima samaki yuko wapi. Hapo bonyeza kitufe, maana ukingoja umwone anaruka utaambulia picha ya kijiti kitupu. Vijiti vitupu ninavyo vya kutosha kuezekea nyumba. Akiibuka na samaki, humpigapiga kwenye kijiti mpaka atulie. Kichwa cha samaki kikielekea kooni mwake, anamla mwenyewe. Kikielekea nje, ujue anampelekea mwenzake au makinda, ili wammeze bila kukwaruzwa na mapezi. Basi nami nageuza lenzi kwenye tundu lake la ukingoni, namtangulia.

Hodari, sivyo? Lakini jioni narudi chumbani, nawasha jiko, na sina wa kumsimulia. Mwenye nyumba ni mtu wa salamu tu, akishaitikiwa amepita. Siku moja nilijikuta naieleza sufuria jinsi mwanga ulivyokuwa mzuri. Upweke usiuombe, mdogo wangu.

Sasa Mama. Ile siku ulipompa simu azungumze nami, wewe ulirudi jikoni, hukusikia. Nilimwamkia, akaitikia vizuri kabisa. Akaniuliza hali, akaniuliza kama kwetu mvua imenyesha, kisha akaniuliza kwa adabu mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia ni wake. Akacheka, akasema wake anawajua wote, akanitakia heri na kukata simu. Wewe nilikuambia mtandao ulisumbua. Na nilipokuja mara ya mwisho, aliniuliza swali moja tena na tena kabla chai haijapoa, nami nikasema moyoni ni uzee tu. Mimi ninayesoma shingo ya ndege!

Kila unaponiita nyumbani nakujibu kwamba msimu haujaisha, kwamba wenye kitabu walionituma wanataka picha zaidi. Si kweli. Kazi ilikwisha zamani, picha zote nilizikabidhi, nao wakaridhika. Naendelea kwenda mtoni kwa sababu naogopa. Naogopa kuingia mlangoni, Mama anitazame kama anavyomtazama muuza maziwa, halafu akuulize wewe mgeni huyu anaondoka lini. Kwa woga huo nimekuachia mzigo wote peke yako. Unisamehe.

Juzi mdiria aliacha kijiti chake akaja kutua juu ya lenzi yangu. Alikuwa karibu mno, picha haikuwezekana. Alitazama maji, akajichokonoa manyoya, akakaa. Hanijui mimi ni nani, wala hatanijua kamwe, na bado alikaa nami. Nililia, mdogo wangu, nikiuma kitambaa nisije nikamfukuza.

Basi nakuja. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi. Ila nakuomba jambo moja. Nikifika, usimwambie Mama kwamba mwanawe amekuja, na usimlazimishe kukumbuka. Mwambie ni mgeni. Niwekee kiti karibu na chake, kisha utuache. Kukaa kimya karibu na kiumbe mpaka anizoee ndiyo kazi pekee ninayoiweza.

Wabusu watoto, na shemeji mwambie nakuja kukaa bila malipo. Salamu za Mama usimpe. Hizo nazileta mwenyewe.

Ni mimi,
Dada yako